Bastola ya mfukoni au ya kiunoni: risasi ipi inamtosha mtu wa Tanga anayetaka kujilinda?

Kwenye sinia ya kahawa nilimpangia shemeji risasi nne za mfano, zile zisizo na baruti tunazofundishia. Namba hizi ni takriban upana wa kichwa cha risasi: .25 ni kwa inchi, 9 mm ni kwa milimita. Ya .25 ni ndogo kama kokwa ya tende. Ya 9 mm ina urefu wa pingili ya juu ya kidole gumba changu. Katikati nikaweka ya .32 na ya .380. Shemeji akazitazama zote, akaiokota ile kokwa, akaizungusha kiganjani.

"Shemeji, hii inamsimamisha mtu?"

Ana duka la vipuri vya pikipiki Ngamiani, hapa Tanga mjini, na nyuma ya duka ndipo anapolala na familia yake. Mwezi uliopita watu waliingia kwa jirani yake kwa kupitia uani. Tangu siku hiyo usingizi wake ni wa mang'amung'amu. Taratibu za leseni amezifuata, kuanzia serikali ya mtaa hadi polisi, na sasa muuzaji amemwonyesha bastola mbili. Moja ni ya .25, iliyotumika, nafuu, inaingia mfukoni isionekane. Nyingine ni ya 9 mm, nzito, inajaza mkono. Moyo wake uko kwa ile ndogo. Mimi nimewafundisha walinzi kulenga shabaha kwa zaidi ya miaka ishirini, ndiyo maana alikuja barazani kwangu baada ya Isha, na mazungumzo yetu hayakuisha usiku ule. Nayaandika hapa kwa yeyote aliye kwenye njia panda hiyo hiyo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usomaji usikuchoshe. Kama unanunua leo na mikono yako ina nguvu za kawaida, chukua 9 mm ya ukubwa wa kati. Kama mikono inakataa, chukua .380. Kama tayari unayo ya .32 na unaifahamu, usikimbilie kuiuza. Ya .25 usiinunue kwa ajili ya kujilinda, hata ikiwa bei yake inakuvutia. Sababu zinafuata, na baadhi yake nimezishuhudia kwa macho yangu.

Kuua na kusimamisha ni mambo mawili

Kila anayekuja na swali hili huuliza kama risasi ndogo inaua. Inaua. Ya .22, ambayo watoto wa Marekani wanaitumia kulenga makopo kwa mchezo, imewaua watu wengi sana. Lakini mtu anayejilinda hahitaji mwenzake afe baada ya siku tatu wodini. Anahitaji aache sasa hivi anachokifanya, panga lishuke, mkono ulegee. Risasi nyingi ndogo zinashindwa hapo.

Tarehe 30 Machi 1981 Rais Ronald Reagan wa Marekani alipigwa risasi nje ya hoteli mjini Washington. Silaha ilikuwa revolva, yaani bastola yenye ngoma ya risasi inayozunguka, ya .22, na risasi zote sita zilitoka ndani ya sekunde mbili hivi. Moja ilidunda kwenye gari, ikamwingia Reagan chini ya kwapa hadi kwenye pafu. Yeye mwenyewe mwanzoni hakujua kama amepigwa. Alidhani ubavu umevunjika walinzi walipomsukumia garini. Alifika hospitali akashuka na kuingia kwa miguu yake, ndipo akaanguka. Nusura afe kwa damu iliyokuwa ikivuja ndani. Msemaji wake, James Brady, alipigwa kichwani na kuanguka papo hapo, akabaki na ulemavu maisha yake yote. Bastola ni ile ile, risasi ni zile zile, ila mmoja alianguka mahali alipo na mwingine alitembea. Tofauti ni mahali risasi ilipofika.

Mwili wa mtu unasimamishwa kwa nguvu kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni risasi kufika kwenye ubongo au uti wa mgongo. Ya pili ni damu kupungua mpaka ubongo ukose hewa, na hiyo inachukua muda. Hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo bado una hewa ya kumfanya mtu atende kwa sekunde kumi hadi kumi na tano. Sekunde kumi zinamtosha mtu kuivuka korido ya nyumba yetu ya Kiswahili, kutoka mlango wa uani hadi ukumbi wa mbele, na akafanya alichokijia.

Kuna njia ya tatu, nayo ni hofu yake mwenyewe. Akiona mtutu, akisikia mlio, akihisi maumivu, anakimbia. Mara nyingi inakuwa hivyo, nashukuru. Kwa mvamizi wa namna hiyo .25 na 9 mm ni sawasawa, hata tochi kali na mbwa anayebweka vinatosha. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya yule asiyekimbia, aliyelewa au aliyevuta kitu, au aliyekwisha kuamua.

Kipimo cha kina

Watu huzungumzia ukubwa wa tundu. Mimi kitu cha kwanza ninachokiangalia ni kina, na nitaeleza kwa nini.

Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wanane wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, walipambana kwa risasi na majambazi wawili wa benki. Mapema katika mapambano hayo, jambazi mmoja, Michael Platt, alipigwa na risasi ya 9 mm ya kizazi kile, yenye kichwa kilichotobolewa ili kitanuke kikigonga mwili. Ilipita kwanza kwenye mkono wake wa juu, ikaingia kifuani, ikafunguka kama ilivyotengenezwa, kisha ikaishia kwenye pafu kabla ya kuufikia moyo. Jeraha lile lilitosha kumuua, lakini aliendelea kupigana kwa dakika kadhaa. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa.

Baada ya hapo FBI waliweka kipimo ambacho mpaka leo ndicho wanachokitumia watengenezaji wengi: risasi ipenye sentimita 30 hadi 46 kwenye jeli maalumu inayoigiza ulaini wa nyama. Mtu akiuliza kifua gani kina unene wa sentimita 30, jibu ni huyo Platt. Mtu anayekujia hasimami kama picha ya shabaha. Mikono yake iko mbele, amegeuka ubavu, ana koti. Risasi inaanza na mkono kabla ya kukutana na kifua.

Hizi ni takwimu za kila risasi. Nguvu ni ya makadirio kutoka mitutu mifupi ya bastola, kwa sababu inabadilika kwa urefu wa mtutu na kiwanda kilichotengeneza.

| Risasi | Ilianza | Uzito wa kichwa | Nguvu ikitoka mtutuni |
|---|---|---|---|
| .25 (6.35 mm) | 1905 | gramu 3.2 | jouli 90 hivi |
| .22 (Long Rifle) | 1887 | gramu 2.6 | jouli 110 hadi 140 |
| .32 (7.65 mm) | 1899 | gramu 4.6 | jouli 170 hivi |
| .380 (9 mm fupi) | 1908 | gramu 6.2 | jouli 260 hivi |
| .38 ya revolva fupi | 1898 | gramu 10.2 | jouli 270 hivi |
| 9 mm | 1902 | gramu 8 | jouli 460 hivi |

Usiisome jedwali hii kama bei sokoni, kwamba jouli nyingi ndiyo mali nzuri. Isome ukijua kwamba risasi ya .25 na ya .22 zinachechemea kwenye kipimo cha kina: nyingine zinafika, nyingine zinaishia njiani, hasa zikikuta mfupa. Za .32 na .380 zenye kichwa kizima, kisichotobolewa, zinafika. Ya 9 mm inafika ikiwa nzima na inafika hata ikitanuka, kwa sababu ina nguvu ya ziada ya kufanya yote mawili.

Hapa kuna kosa ambalo watu hulifanya wakiwa na nia njema. Mtu ana bastola ndogo, anasikia kwamba risasi za kutanuka ni kali zaidi, anaitafutia. Kwenye risasi ndogo kutanuka kunamaliza nguvu mapema, na kina kinapungua zaidi. Ukiwa na .25 au .32, tia risasi yenye kichwa kizima.

.22 na .25: ndugu wawili wadogo

Kwa jouli .22 iko mbele kidogo ya .25, na risasi zake ni rahisi kupatikana duniani kote, kwa hiyo ungedhani ndiyo bora. Tatizo lake liko kwenye kitako cha ganda. Risasi kubwa zina fataki yake katikati, kitufe kidogo unachokiona ukiligeuza ganda. Ya .22 haina. Dawa yake ya kuwashia imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini inaupiga ukingo. Ikiwa mahali pale dawa ni haba, au unyevu umeingia, unasikia "tik" na basi.

Miaka kadhaa nyuma mzee mmoja wa Chumbageni alinileta nyumbani kwake nimkagulie bastola yake ya .22. Leseni anayo, risasi anazo, vyote vimefungwa kwenye soksi ndani ya droo ya kabati. Dirisha la chumba kile linaitazama bahari. Tulipokwenda kiwanjani nilimwambia atie risasi kumi. Nne hazikulia. Mzee alibaki ameishika bastola ile, anaitazama kana kwamba mtu wa nyumbani kwake amemdanganya. Alikuwa amelala na imani hiyo kwa miaka.

John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, aliitengeneza .25 kwa sababu hiyo hasa: apate nguvu za .22 kwenye bastola ya mfukoni lakini zenye fataki ya katikati, ili ilie kila ikipigwa. Kwa hilo .25 inaishinda .22, nami naliheshimu. Lakini imeshinda shindano dogo. Bastola zake nyingi ni za zamani, zimetengenezwa ziwe ndogo kuliko mkono wa mtu mzima. Kidole kimoja na nusu ndivyo vinavyoshika kitako, vingine vinaning'inia. Alama ya kulengea ni kijistari kwenye chuma. Nyingi za kale si salama kubebwa zikiwa na risasi chemba, yaani imekwisha kuingia nyuma ya mtutu tayari kufyatuliwa, maana zikianguka zinaweza kulia. Na risasi zake ukiulizia dukani unaambiwa usubiri, na mtu asiyepata risasi hafanyi mazoezi.

Kwa hiyo shemeji alipouliza kama ile kokwa inamsimamisha mtu, nilimjibu: ikifika ubongoni, ndiyo. Kisha nikamwambia anyooshe mkono gizani baada ya kuamshwa na kelele, moyo unadunda, mke anamshika shati, aniambie kama ataipeleka huko kwa bastola ambayo haimkai mkononi. Akanyamaza.

.32 na .380: hapa mjadala ni wa kweli

Hizi mbili hazistahili dharau, na mimi sikubaliani na wanaoziita vitu vya kuchezea. Polisi wengi wa Ulaya walibeba .32 kwa miongo mingi katika karne ya ishirini. Bastola ya Kijerumani Walther PP ya mwaka 1929 na mdogo wake PPK zilijengwa kwa risasi hiyo.

Na watu wa Tanga tuna sababu yetu ya kuijua .380. Tarehe 28 Juni 1914 kijana Gavrilo Princip alisimama kando ya gari pale Sarajevo na bastola ya Kibelgiji ya FN, yenye risasi ya 9 mm fupi, akapiga mara mbili. Mwanamfalme Franz Ferdinand wa Austria na mkewe Sophie walikufa wote wawili. Miezi minne baadaye, Novemba 1914, vita iliyotokana na risasi zile mbili ilifika hapa kwetu. Waingereza na askari wao wa Kihindi wakateremka Tanga, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawarudisha baharini, na nyuki wakazidisha vurugu. Makaburi yapo, mtu anaweza kwenda kuyaona.

Princip alikuwa hatua chache tu kutoka kwa watu waliokaa ndani ya gari. Aliyeamshwa usiku hana shabaha iliyotulia hivyo. Lakini inaonyesha kwamba .380 inafika kwenye viungo vya ndani, na hilo ndilo tunalolitaka.

Kati ya hizo mbili, .32 ina utulivu. Hairushi mkono, unapiga ya pili na ya tatu mahali pale pale. Kwa mzee mwenye vidole vya baridi yabisi, au mtu mwembamba wa mikono, utulivu huo una thamani kuliko jouli tisini za ziada. .380 ina kichwa kizito zaidi na inapatikana kwa urahisi zaidi, na bastola mpya zinaendelea kutengenezwa. Ubaya wake uko kwenye muundo. Bastola nyingi ndogo za .380 hazina kufuli la mtutu, zinategemea springi nzito peke yake kuizuia sehemu ya juu isirudi haraka. Matokeo yake ni mawili: kuivuta ili risasi iingie chemba ni kazi kwa mkono dhaifu, na ikilia inakupiga kiganjani kwa ukali kuliko 9 mm iliyo kubwa kwa umbo. Nimewaona watu wakichunwa ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada na chuma kile kikirudi. Mara ya pili wanaogopa, na anayeogopa bastola yake anafumba macho anapoifyatua.

Ukiamua .380, tafuta yenye kitako cha vidole vitatu. Ijaribu kuivuta mara kumi ukiwa umekaa dukani, ikiwa tupu, kabla hujatoa pesa.

9 mm, na revolva ya .38

Hawa FBI baada ya Miami walihamia risasi kubwa zaidi, 10 mm kisha .40. Katikati ya miaka ya 2010 wakarudi kwenye 9 mm. Risasi za kutanuka zilikuwa zimeboreshwa zinafika kwenye kina kinachotakiwa, na maofisa wao walilenga vizuri na kwa haraka zaidi wakiwa na 9 mm kuliko na zile kubwa. Hilo nalikubali kwa uzoefu wangu wa kiwanjani. Tundu la 9 mm na la .40 ni tofauti ya milimita moja. Risasi ya pili iliyofika na ile iliyokwenda ukutani ni tofauti ya maisha.

Bastola ya 9 mm ya ukubwa wa kati inamkaa mtu mkononi, uzito wake unameza mrusho, ina risasi nyingi ndani ya magazini, kile kikasha kinachoingia kwenye kitako, na risasi zake ndizo zilizoenea kuliko zote. Ubaya wake ni kwamba haifichiki mfukoni. Lakini mwenye duka anayelinda chumba chake usiku haendi nayo sokoni. Kuficha si shida yake. Shemeji alikuwa anaipenda ile ndogo kwa sifa asiyoihitaji.

Revolva ya .38 fupi ina sifa moja kubwa: haina cha kuvuta wala cha kukwama kwenye magazini, risasi isipolia unavuta tena kifyatulio inakuja nyingine. Sifa hiyo isikudanganye ukadhani ni bastola ya asiyefanya mazoezi. Kifyatulio chake ni kizito, mtutu ni mfupi, unarusha mkono, na risasi ni tano au sita. Mwenye mkono mzuri anaiweza. Anayeanza inamvutia chini.

Ukuta wa jirani

Kuna sehemu ambayo risasi ndogo ina hoja nzuri, na sitaificha. Ngamiani tunaishi tumebanana. Nyumba moja ina korido katikati, vyumba kushoto na kulia, kila mlango familia yake. Risasi ya 9 mm yenye kichwa kizima inaweza kumpita mtu ikaendelea na safari na nguvu za kumdhuru wa pili.

Tofali la saruji la inchi sita lililojaa na kukauka vizuri kwa kawaida linaizuia risasi ya bastola. Mlango wa ubao, dari ya jipsam, kioo na bati havizuii, hata ya .22. Ndiyo maana hoja ya "nachukua ndogo ili nisimdhuru jirani" inaishia nusu: ile ya .25 uliyoikosesha inapita mlango wa mtoto wako kama nyingine. Dawa ni kujua mapema, mchana, ukiwa umetulia, ukisimama hapa na kulenga pale, nyuma yake kuna nani. Nilimwambia shemeji atembee chumbani kwake na kunyoosha kidole kila upande. Upande wa uani aliona ukuta wa tofali na tangi la maji. Upande wa mlango wa mbele aliona chumba cha mama mkwe. Basi ameshajua upande gani hafyatui kamwe, na kitanda kimehamishwa. Kwa 9 mm, zile za kutanuka, kama unazipata kihalali, zinapunguza hatari hii kwa kuwa zinaishia mwilini.

Na mbele ya sheria udogo wa risasi haupunguzi kitu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inampa mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake na kutetea mali, na inamtaka atumie nguvu inayostahili tu. Mtu aliyempiga mwizi anayekimbia, mgongoni, uani, atajieleza vile vile iwe .22 au 9 mm. Wapo wanaofikiri ile ndogo ni ya "kumtia adabu" au kumpiga mguuni. Hakuna risasi ya kutia adabu. Mguuni kuna mshipa mkubwa unaomwaga damu kwa dakika chache. Kama hali haijafikia kuokoa uhai, kidole kisiguse kifyatulio, na hii ni kwa kila bastola niliyoitaja. Leseni pia, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ni ya mtu na silaha yake. Si ya nyumba nzima, kijana wa duka asiishike.

Chumvi

Hili wa Dodoma hatalielewa. Hewa yetu ina chumvi, kuanzia Raskazone mpaka ndani kabisa ya mji, na kutu ya Tanga inaingia usiku mmoja. Bastola ndogo zinaumia zaidi kwa sababu zinakaa mfukoni kwenye jasho na vumbi la nguo. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila wiki. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, ngozi inanyonya unyevu na kuukumbatia. Toa risasi kwenye magazini, zikague, mafuta yasizifikie maana yanaweza kupenya kwenye fataki. Zile ulizokaa nazo muda mrefu zitumie kwenye mazoezi, weka mpya. Na vyote viwe kwenye kasha la chuma lenye kufuli, funguo kwako. Watoto wanajua kila mahali unapoficha kitu.

Siku ya kiwanja

Jumamosi moja nilimchukua shemeji kwenye mazoezi, chini ya usimamizi, na wenzangu wawili wenye bastola zao za halali. Nilichora duara kwenye karatasi kwa kuzungushia sahani ya wali, nikaibandika hatua saba, urefu wa korido yake. Masharti: risasi tano, sekunde tano.

Kwa .25 alipiga mbili ndani ya sahani, tatu sikuziona zilikopita. Alinitazama akasema haioni alama ya kulengea. Kwa .380 ndogo alipata tatu, akaanza kuutikisa mkono, na kwa raundi ya pili akapata mbili, ameshaanza kuiogopa. Kwa 9 mm raundi ya kwanza alipata mbili, zote chini, kwa kuwa alikuwa anaukaza mkono akiusubiri mlio. Nikamtilia risasi moja ya mfano katikati ya za kweli bila kumwambia. Ilipofika ile isiyolia, mtutu ulichota chini wenyewe na akajiona. Raundi ya tatu alipata nne.

Jumatatu alimpigia muuzaji simu kuhusu ile ya 9 mm. Kabla haijafika ameweka komeo la chuma mlango wa uani na taa ya sola juu ya tangi la maji, na Jumamosi ijayo tunarudi kiwanjani, kwa sababu ile ya tano bado anaivuta chini.